Mwenye mali aitwe mwenyewe: Mike Ashley mbele ya wabunge, na dakika za getini kwenye magodauni yetu

MwanaMikindani

Watu wa Shimanzi, Changamwe, Jomvu, Miritini, huu uzi ni wenu. Kuna kesi moja ya Uingereza nimekua nikiifuatilia muda mrefu na kila nikiisoma nayaona magodauni yetu mle ndani, kwahio leo naieleza yote vile ilivokua halafu tujadili, manake hapa kwetu mtu akipekuliwa getini nusu saa bila malipo au akikatwa pesa kwa kuchelewa kidogo aambiwa ndio kazi ilivyo, na yeye mwenyewe aamini.

Jamaa aitwa Mike Ashley. Alifungua duka lake la kwanza la vitu vya michezo mwaka 1982 huko Maidenhead, akapanuka mpaka ikawa kampuni ya Sports Direct, 2007 akaipeleka soko la hisa la London na mwaka huo huo akanunua Newcastle United. Wapenda mpira mwamjua, mashabiki wa Newcastle walipiga kelele miaka aondoke mpaka akaiuza 2021. Sasa mzigo wa maduka yake ulikua watoka godauni moja kubwa mno lililoko Shirebrook, Derbyshire, pale pale palipokua na mgodi wa makaa ya mawe uliofungwa 1993. Mgodi ulikufa, watu wakabaki hawana kazi, godauni likaja. Mahali penye njaa ya kazi mwajua vile tajiri huwa na nguvu.

Mle ndani walikua wafanyakazi zaidi ya 3,000 lakini walioajiriwa na kampuni yenyewe walikua kama 200 tu. Wengine wote wa ejensi mbili, yaani kampuni za kukodisha wafanyakazi, na wengi wao ni wageni waliotoka Poland na nchi nyengine za Ulaya mashariki, watu ambao Kiingereza chenyewe chawapiga chenga na hawajui waende kwa nani. Desemba 2015 gazeti la Guardian likaingiza waandishi wake wakafanya kazi humo kama watu wa kawaida. Shifti ikiisha hutoki, wapanga foleni upekuliwe, uvue nguo za juu ubaki na moja, upandishe suruali waone soksi, na foleni hio yala kama robo saa kila siku na haimo kwenye mshahara. Asubuhi ukichelewa dakika moja wakatwa robo saa nzima. Ukipiga hesabu mtu alikua apata kama pauni 6.50 kwa saa na kima cha chini cha sheria wakati huo kilikua 6.70. Hizo senti 20 za pauni ndizo zilizomfikisha tajiri bungeni.

Halafu kulikua na maonyo. Ukipata sita ndani ya miezi sita umeondoka. Onyo laja kwa kuzungumza sana, kwa kukaa chooni, kwa kusema u mgonjwa. Kwahio watu wakawa waja kazini wagonjwa. Kamati ya bunge baadae ilipewa rekodi za ambulensi: kuanzia Januari 2013 mpaka Aprili 2016 ziliitwa 110 kwenda kwenye anwani ya hilo godauni, na 50 kati yao zilikua za hatari ya maisha, kifua, pumzi, kifafa. Mwanamke mmoja alijifungulia chooni mle ndani ya godauni. Chooni. Mtu ana uchungu wa uzazi na bado aogopa kukosa shifti.

Naendelea chini, ngoja nieleze vile alivofika mbele ya wabunge.

BiShumi_Tudor

Hapo kwa huyo mama nimesimama nikasoma tena. Mimi nimefanya kazi ya cherehani kiwanda kimoja cha nguo za kupeleka nje, sitakitaja. Kulikua na kadi ya choo. Kadi moja ya plastiki imetobolewa ikafungwa uzi, yatundikwa kwenye msumari karibu na meza ya supavaiza, laini nzima ya cherehani yaitegemea hio hio moja. Mwenzako akienda nayo wewe wangoja, wakaza miguu huku washona. Supavaiza akiona kadi haiko msumarini muda, ainuka aenda kugonga mlango.

Na wenye mimba walikua wajifunga leso tumboni, waikaza kabisa chini ya dera, mpaka mwezi wa sita wa saba hujui. Si aibu, waogopa kuambiwa "pumzika kidogo tutakupigia". Hiyo simu haiji. Sheria yatoa miezi 3 ya uzazi yenye mshahara lakini ni ya mtu anaehesabiwa mfanyakazi, sisi twahesabiwa kila asubuhi upya.

Endelea kaka, nasoma.

MwanaMikindani

Dadangu asante kwa kulisema hilo, wanaume tukizungumza mambo ya godauni twasahau choo.

Sasa bungeni. Kamati ya biashara ya bunge la Uingereza, mwenyekiti wake alikua mbunge Iain Wright, ikamwita Ashley. Akakataa. Machi 2016 alisema hadharani wabunge hao ni kichekesho, wao ndio waende Shirebrook wakaone. Kamati ikamwambia usipokuja twaweza kukushtaki kwa kulidharau bunge. Mwishowe tarehe 7 Juni 2016 akaja, yeye mwenyewe, akaketi. Chama cha wafanyakazi cha Unite kilitoa ushahidi siku hio hio na wakuu wa ejensi nao wakahojiwa.

Naomba msome hapa taratibu. Kabla ya siku hio majibu yote yalikua ya aina moja, kampuni yasema hao ni watu wa ejensi waulize ejensi, ejensi yasema sisi twafuata utaratibu wa kwenye godauni la mteja, na mfanyakazi yuko katikati hana wa kumshika. Siku tajiri mwenyewe aliponyamaza akasikiliza swali moja moja, hakuweza kumtupia mtu mwengine. Aliulizwa kuhusu foleni ya kupekuliwa, akakubali kwamba pale getini palikua pakwama. Akaulizwa je watu walilipwa chini ya kima cha chini cha sheria, akakubali kwamba kwa muda huo wa foleni ndio ilivokua na kwamba watu wa kodi walikua wanaichunguza. Akaulizwa kuhusu kukata robo saa kwa dakika moja, akasema haifai. Akakiri pia kampuni huenda imemzidi uwezo wa kuisimamia. Alisema yeye si Baba Krismasi, hawezi kuahidi kila kitu kitakua kizuri. Sawa, hakuna aliemuomba zawadi, watu walikua wataka dakika zao.

Julai 22 ripoti ikatoka, na kamati ikasema wafanyakazi walichukuliwa kama bidhaa badala ya binadamu. Agosti ikatangazwa kwamba watu watalipwa malimbikizo yao kurudi nyuma mpaka Mei 2012, jumla kama pauni milioni moja, wengine walikua wadai mpaka kama pauni 1,000 kila mmoja. Septemba kampuni ikatangaza yale maonyo sita yameondolewa. Mkurugenzi mkuu akajiuzulu mwezi huo huo. Na kwenye mkutano wa wenye hisa, wale wasiokua upande wa Ashley wengi walipiga kura mwenyekiti wa bodi aondoke, akabaki tu kwa sababu Ashley mwenyewe alikua ashikilia zaidi ya nusu ya hisa.

Yote hayo yalikuja kwa sababu aliulizwa mwenye mali. Meneja na nyapara wana majibu yao waliyopewa.

TajiriMdogo_Bondeni

Mimi naongea kama mtu mwenye stoo, naweka mchele na sukari, na nina vijana ninaowalipa. Nakubali mengi uliyosema ndugu yangu lakini msifanye kama kupekua ni dhulma. Wizi upo. Nimeona mchele ukitoka kwenye soksi, nimeona kijana amejifunga mfuko wa sukari kwa mpira wa baiskeli mgongoni, yuatembea wima kama askari. Mwezi ukiisha wapiga hesabu magunia mawili hayapo na karani aapa yalikuja pungufu. Sasa nisipopekua ntalipa mishahara na nini? Na huyo Ashley nae alikua auza viatu na jezi, vitu vyepesi kuvaa ukatoka navyo. Mwataka afanye nini?

MwanaMikindani

Shekhe, pekua. Hakuna aliesema usipekue. Kama wamtaka mtu akae getini kwako robo saa kwa faida yako, hio robo saa ni yako, ilipe. Au ajiri walinzi wawili zaidi foleni iende haraka. Wenye magodauni hawaongezi walinzi kwa sababu foleni yenyewe haiwagharimu kitu, yamgharimu aliesimama. Siku foleni ikianza kulipiwa utaona vile milango ya kutokea itaongezwa.

Tupige hesabu yetu ya hapa. Kima cha chini cha kibarua wa kawaida Mombasa kwa kiwango cha Novemba 2024 kilikua shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya pesa ya nyumba. Wiki ya kazi ni saa 52. Kwahio saa moja yakaribia shilingi 71. Robo saa kwa siku 6 ni dakika 90 kwa wiki, kwa mwezi ni kama saa sita na nusu, yaani kama shilingi 465 kwa kila mtu. Wasema 465 ni kitu gani. Kwa kibarua ni unga wa wiki na mafuta. Kwa godauni la watu 200 ni 93,000 kila mwezi, mwaka ukiisha yapita milioni moja. Hizo ni kazi watu wamefanya, wamesimama, wameinua mikono, wameguswa mifuko, na zimebaki mfukoni mwa mwenye godauni. Na hapo nimechukua robo saa, kuna mahali Changamwe jua latua watu bado wako ndani ya geti.

WakiliPwani

Naongeza la sheria, manake kuna upande mwengine mwapaswa kuujua msije mkashangazwa nao.

Marekani kesi kama hii ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Wafanyakazi wa magodauni ya Amazon walioajiriwa kupitia kampuni ya Integrity Staffing walidai walipwe muda wa kupekuliwa, walisema yafika kama dakika 25. Desemba 2014 majaji wote 9 wakasema hapana, hailipwi, kwa sababu kupekuliwa si sehemu ya kazi yenyewe aliyoajiriwa kuifanya. Kwahio mwajiri mwenye wakili mzuri atawaletea hio.

Lakini hio ni sheria yao ya kazi na hukumu yao, haiwafungi majaji wetu. Sisi tuna Katiba ya 2010, kifungu cha 41, kila mtu ana haki ya utendakazi wa haki na malipo ya haki. Tuna Sheria ya Ajira ya 2007. Na amri ya mishahara yasema saa 52 kwa wiki, ukizidisha walipwa mara moja na nusu, Jumapili na sikukuu mara mbili. Mwajiri akikushika ndani ya geti lake huwezi kwenda kwako, huwezi kufanya shughuli yako, uko chini ya amri yake. Hoja hio yaweza kusimama Mahakama ya Ajira na Leba vizuri sana.

Kuhusu vibarua, BiShumi amesema yuahesabiwa kila asubuhi upya. Dada, sheria haisemi hivo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira: kibarua aliefanya kazi siku za mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, au kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha chini ya miezi mitatu kwa jumla, ashahesabiwa mfanyakazi wa mwezi hata kama hakupewa karatasi. Akifutwa apewe notisi, asikilizwe kwanza. Waajiri wajua, ndio maana waambiwa "pumzika wiki mbili urudi", wakata ule mfululizo. Majaji wa hapa wameuona huo mchezo, wengine wameukataa. Na kama mwajiri hana rekodi, mzigo wa kuthibitisha wamwangukia yeye.

Mtongwe_Kwetu

Wakili naomba unisaidie kwa hili la kuchelewa. Sisi wa Likoni na Mtongwe kazi yetu yategemea feri. Kuna siku ferry yakwama katikati ya maji na hakuna wa kumlaumu, wafika upande wa mjini wakimbia mpaka Shimanzi jasho lakutoka. Pale nilipokua, nyapara ana kitabu cha majina na kalamu nyekundu, ikigonga saa moja apiga mstari chini ya jina la mwisho. Aliechini ya mstari ni nusu siku. Waingia saa moja na dakika tano, wafanya kazi ile ile mpaka jioni, magunia yale yale ya chai, vumbi lile lile kifuani, walipwa nusu. Nikisoma kwamba Ashley aliulizwa na wabunge kuhusu robo saa moyo waniuma, robo saa sisi tungeshukuru.

Na ukimuuliza nyapara akwambia amri ya juu. Huko juu hatujawahi kupaona.

WakiliPwani

Mtongwe, kifungu cha 19 cha hio Sheria ya Ajira kimetaja makato yanayoruhusiwa. Mtu akikosa kazi siku nzima bila ruhusa wala sababu halali yaweza kukatwa isizidi mshahara wa siku hio. Hakuna mahali pameandikwa dakika tano ni nusu siku. Umefanya kazi, umeingia, umetoka jioni, hio pesa ni yako na una miaka 3 ya kuidai tangu ilipokatwa.

KijanaJomvu

Wakuu nyote mwasema vizuri lakini nani ataenda mahakamani? Asubuhi nje ya geti kuna vijana kama mia wamekaa kwenye mawe wangoja mtu aanguke waingie. Tangu mizigo ianze kupandishwa treni moja kwa moja kwenda bara kazi za trela na za CFS, zile yadi za kuwekea makontena, zimepungua, mwakumbuka 2019 watu walivokua wakiandamana kila Jumatatu hapa mjini kwa sababu hio. Sasa leo nikisimama niseme dakika zangu zihesabiwe nyapara hata hanijibu, kesho jina langu halisomwi basi. Hakuna barua, hakuna kufutwa, jina tu halisomwi. Wafanyakazi wa Uingereza walikua na gazeti lililoingia mle ndani, walikua na chama, sisi hapa chama ukikitaja wachekwa.

MzeeWaKilindini

Wanangu nimesoma tangu mwanzo. Mimi ni mstaafu wa bandari na babangu alikua kuli kabla yangu. Hilo la jina kutosomwa si geni, babangu alikua anatuambia vile walikua wasimama alfajiri serangi achague gengi lake, mwenye kumpa kitu achukuliwa kwanza. Watu wote walikua vibarua, hakuna mwenye karatasi. Wakubwa wakisema vile vile, kwamba nje kuna wengine.

Januari 1947 mji huu ulisimama. Makuli, wa reli, wa mahoteli, mpaka watumishi wa majumbani, watu kama 15,000, karibu wiki mbili. Walikua wakikutana uwanjani Majengo wakauita Kiwanja cha Maskini. Aliewaongoza alikua Chege Kibachia na chama chao kiliitwa African Workers Federation. Serikali ya mkoloni ikalazimika kuunda tume ya jaji kusikiliza malalamiko na mishahara ikapandishwa. Kibachia walimpeleka kizuizini Baringo, alilipa yeye kwa ajili ya wengine. Lakini wale watu hawakua na simu, hawakua na Katiba, wengi hawakujua kusoma. Na hawakua kampuni moja, hapo ndipo nguvu ilipokua. Nyapara wa godauni moja aweza kuacha kulisoma jina lako. Manyapara wa mji mzima hawawezi kuacha kusoma majina ya mji mzima, mzigo nani atainua.

KijanaJomvu

Shikamoo mzee. Hapo nimekuelewa.

MwanaMikindani

Mzee wangu shikamoo na asante, hio ndio nilikua naitafuta.

KijanaJomvu swali lako ni la haki nalo ndio kiini. Mtu mmoja hawezi kwenda. Ndio maana mimi nasema njia yetu isianzie mahakamani, ianzie bungeni, kwa kumwita mwenye mali. Angalia Shirebrook tena: wale Wapolandi mmoja mmoja walikua waoga kama sisi. Kilichofanyika ni kwamba maneno yao yaliandikwa pamoja, dakika, tarehe, makato, yakapelekwa kwa watu wenye uwezo wa kumlazimisha tajiri aje. Mbunge alipouliza hakuuliza "je unawatesa watu", angejibiwa hapana na yangeisha. Aliuliza foleni ni dakika ngapi, nani anailipa, mtu akichelewa dakika moja wamkata ngapi. Swali la namna hio halina pa kukimbilia.

Na jambo jengine msilisahau. Malimbikizo yalipotangazwa, wafanyakazi wa ejensi moja walilipwa chote na wa ejensi ya pili nusu tu, kwa sababu hio ejensi ilikataa kubeba deni la ejensi iliyokuwepo kabla yake. Watu walifanya kazi godauni moja, foleni moja, mlango mmoja, na mmoja apata nusu ya mwenzake kwa sababu ya jina lililoko juu ya karatasi. Mwaka uliofuata hio ejensi ikaingia ufilisi. Hapa kwetu sahii magodauni mengi yaacha kuajiri yaleta ejensi, fulana ina jina la ejensi, ukiumia ejensi yasema nenda kwa mwenye godauni na mwenye godauni asema wewe si wangu. Ukiona ejensi imebadilishwa na watu ni wale wale, jueni madeni yenu yanazikwa hapo.

TajiriMdogo_Bondeni

Hapo kwa ejensi nakuunga mkono, manake yatuumiza hata sisi wadogo. Mimi nikimlipa kijana wangu sawa sawa naonekana bei yangu ya kuhifadhi iko juu, yule mkubwa atumia ejensi analipa kidogo awa na bei ya chini, wateja wote wakimbilia kwake. Aitwe aeleze bei hio yatoka wapi. Lakini jamani msiitishe kikao cha kumzomea mtu. Mwenye stoo akiona ni kuzomewa tu ataleta wakili na ataketi kimya.

BiShumi_Tudor

Hata mimi sitaki azomewe. Nataka aulizwe kadi ya choo ni ngapi kwa wanawake wangapi, ajibu. Na aulizwe akiwa na rekodi mkononi za waliojifungua wakarudi kazini. Kama hakuna hata mmoja alierudi, basi jibu limeshapatikana.

Na swali langu, hao wabunge wa Uingereza walikwenda kuona wenyewe ama walimaliza kwa maneno tu?

MwanaMikindani

Walikwenda dadangu, Novemba 2016. Wakazungushwa mle ndani, halafu wakapewa chumba wazungumze peke yao, ikaletwa mikate ya kula, na mmoja wao akaona kifaa cha kurekodi kimewekwa pale chumbani. Kampuni ikasema haikuidhinisha wala haikua na habari. Mimi hilo lanifundisha kwamba mahojiano na wafanyakazi yasifanyike ndani ya godauni, yafanyike msikitini, kanisani, baraza la chifu, popote lakini si ndani ya geti la tajiri.

Pia Ashley hakufilisika, maduka hayakufungwa. Kampuni mwaka 2019 ilibadilisha jina ikawa Frasers Group na ipo mpaka leo. Nasema hivi kwa wale watakaosema tukiuliza maswali wawekezaji watakimbia Mombasa. Bandari haihami. Chai ya Kenya na ya majirani yauzwa kwa mnada hapa hapa na lazima ilale Shimanzi kabla ya kupanda meli.

Mtongwe_Kwetu

Basi tupeleke bunge la kaunti, liko karibu, twaweza kwenda na mguu.

WakiliPwani

Bunge la kaunti lina uwezo wa kuita mashahidi kwa kifungu cha 195 cha Katiba, lakini viwango vya kazi ni jambo la serikali kuu kwa Ratiba ya Nne. Tajiri atasema hawana mamlaka juu yangu na atashinda kwa hoja hio tu. Pelekeni ombi Bunge la Taifa. Kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, si lazima uwe na wakili. Na kifungu cha 125 chazipa kamati uwezo sawa na wa Mahakama Kuu kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi na alete nyaraka. Kwa hivyo wakiamua kumuita mwenye godauni, hawezi kutuma meneja aseme ndio yeye. Ombeni kwa maandishi waitwe wakurugenzi wenye hisa, na waje na vitabu vya kuingia na kutoka. Mkisema "mwakilishi wa kampuni" ataletwa kijana wa ofisini asiejua chochote.

Na kamati iombwe ifanye kikao hapa Mombasa. Vibarua hawawezi kwenda Nairobi, wakikosa siku mbili majina hayasomwi kama alivyosema huyo kijana.

KijanaJomvu

Sasa tuandike nini haswa na tusijulikane?

MwanaMikindani

Andika kitu unachokijua kwa macho yako. Saa uliyofika getini, saa jina liliposomwa, saa uliyoacha kazi, saa uliyotoka nje ya geti. Hizo nne. Ukikatwa andika umekatwa ngapi na nani amekwambia. Kama ulilipwa kwa M-Pesa usifute meseji, hio ni rekodi tosha ya siku ulizofanya kazi na jina la aliekulipa, na ndio itakayoonyesha mfululizo wa kile kifungu cha 37. Kama walipwa mkononi andika tarehe na kiasi siku ile ile, usingoje Ijumaa ukisie. Andika kwenye daftari ya nyumbani, usipige picha ndani ya godauni utashikwa na kuambiwa mwizi. Fulana ya ejensi ikibadilishwa andika tarehe na jina la zamani na jipya.

Majina yenu sitayataka. Nataka mwezi mzima wa dakika kutoka magodauni tofauti, tukiwa na mitaa minne mitano hakuna tajiri atakaesema ni chuki za mtu mmoja. Wakili atusaidie kuyapanga yawe ombi.

WakiliPwani

Nitaandika bila malipo. Wenye kutaka kusaini wasaini, wasiotaka ushahidi wao uambatanishwe bila jina na tuiombe kamati iwasikilize faraghani.

MzeeWaKilindini

Wastaafu wa bandari tutasaini sisi. Hatuna jina la kutosomwa tena.

BiShumi_Tudor

Mzee Mungu akupe umri. Mimi nawajua wanawake wa cherehani watakaozungumza, lakini mkutano msiuweke usiku, wengi wetu tuna watoto wadogo na usafiri wa Mikindani usiku wamsumbua mtu. Na kuwe na mwanamke wa kuandika, kuna mambo hatutamwambia mwanamume.

MwanaMikindani

Sawa dadangu. Jumapili asubuhi basi, na wewe ndie utaandika upande wa wanawake kama wakubali. Mtongwe, wewe kusanya wa ng'ambo, anza na wale waliokua chini ya ule mstari wa kalamu nyekundu.

Mtongwe_Kwetu

Nawajua wote kwa majina. Naanza kesho kwenye feri ya saa kumi na moja.